Roxette na albamu yao ya hiti: ingia na mlango huu, ila anzia wimbo wa tatu

Roxette ni watu ambao unawajua hata kama hujui kama unawajua. It Must Have Been Love, ile ya kwenye filamu ya Pretty Woman, kila mtu keshaisikia mahali, The Look na yale magitaa yake ya mwanzo nayo keshaisikia, Listen to Your Heart ndo usiseme, ila muulize mtu hizi tatu ni za nani uone atakavyokutajia watu watatu tofauti, na angalau mmoja lazima awe Mmarekani. Nami nilikuwa kundi hilo hilo mpaka nilipokaa na huu mkusanyiko wao, Don't Bore Us, Get to the Chorus!, uliotoka 1995, nyimbo 18, nikausikiliza wote mpaka mwisho bila kuruka kitu. Kwa hiyo hii ni rivyu ya mtu aliyeingia kwa mlango wa hiti, sio ya shabiki wa tangu zamani. Wale wa tangu zamani wana manung'uniko yao na mengine yana msingi kabisa, tutayafikia.

Wenyewe ni wawili, Waswidi. Per Gessle ndo mwandishi, karibu kila wimbo una mkono wake, anapiga gitaa na anaimba kwa ile sauti yake ya utani utani, na Marie Fredriksson ndo sauti yenyewe. Wote walishakuwa na majina kwao kabla hata Roxette haijazaliwa, Gessle na bendi yake ya Gyllene Tider, Marie na albamu zake za Kiswidi, albamu yao ya kwanza ya pamoja ikatoka 1986. Dunia haikujua lolote. Namna dunia ilivyokuja kujua ni hadithi ambayo bado naiona kama ya kutunga, ila ndivyo ilivyokuwa: kampuni yao ya Marekani iliwakataa ikisema hawafai kwa soko la kule, alafu mwanafunzi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anasoma Uswidi akarudi kwao na Look Sharp!, albamu yao ya 1988, akaipeleka redio ya KDWB ya Minneapolis akiomba waipige. Wakaipiga The Look, simu zikaanza kuingia, wimbo ukasambaa kwenye stesheni nyingine kabla kampuni haijatoa hata senti ya matangazo, na Aprili 1989 ukawa namba moja Marekani. Hakukuwa na mkakati wowote wa ofisini hapo, ni kijana mmoja na CD yake.

Sasa albamu yenyewe. Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba haianzi na hiti. Inaanza na June Afternoon na You Don't Understand Me, ambazo zilikuwa mpya 1995, na nyingine mpya mbili zimewekwa mwishoni kabisa, yaani hiti zote zimebanwa katikati. Naelewa mantiki yake, kampuni inataka na yule anayezijua zote za zamani apate sababu ya kutoa hela, lakini kwa mgeni sio ukaribisho mzuri. June Afternoon ni nyimbo nyepesi ya furaha, Gessle anaimba, haina ubaya wowote na haina sababu yoyote ya kuwa ya kwanza. You Don't Understand Me ni nzuri kweli, hiyo Gessle ameandika na Desmond Child, mtu aliyeandika na Bon Jovi, bendi ya rock ya Marekani, zile kubwa kubwa zao, ila ungeisikia baada ya zingine ingekuingia zaidi. Ushauri wangu, bonyeza wimbo wa tatu, uje uzirudie hizi baadaye ukishawazoea.

Kwa sababu kuanzia wa tatu ni balaa. The Look, Dressed for Success, Listen to Your Heart, Dangerous, It Must Have Been Love, Joyride, Fading Like a Flower, zote zimefuatana hivyo hivyo, saba mfululizo, na ukiangalia chati za Marekani nne kati ya hizo zilifika namba moja na mbili nyingine, Dangerous na Fading Like a Flower, ziliishia namba mbili. Kuna bendi kubwa zenye heshima zao duniani hazina saba za namna hii kwenye maisha yao yote.

Kinachofurahisha ukizisikia zikiwa zimepangwa pamoja ni kugundua kazi wamegawana vipi. Gessle akishika vesi ujue ni mchezo, maneno mengine hata hayana maana, ya The Look aliyaandika kushikilia tu nafasi wakati anajaribu kinanda chake kipya cha umeme, akaona yanakaa vizuri mdomoni akayaacha. Na yanakaa vizuri kweli, jaribu kuimba nayo uone. Joyride nayo ilianza na kikaratasi ambacho mpenzi wake alimwachia juu ya piano, kimeandikwa kwa utani we mjinga nakupenda, basi jamaa akakichukua akakifanya mwanzo wa wimbo, akaongeza na mluzi. Mtu anayejichukulia kwa uzito hawezi kuweka mluzi kwenye wimbo wa rock na akafika namba moja nao. Marie akishika vesi, mchezo umeisha. Na mara nyingi wanafanya vyote ndani ya wimbo mmoja, kama How Do You Do!, mwanaume anaanza na porojo zake alafu mwanamke anaingia kwenye korasi na paa linaondoka.

Listen to Your Heart naomba niikalie kidogo. Gessle mwenyewe kaeleza kwamba walikuwa wanajaribu kuiga ule mlio wa rock ya redio za Marekani, mkubwa kupita kiasi, wautanue mpaka ukaribie kuwa kichekesho waone utafika wapi. Ukijua hilo unaanza kuusikia tofauti. Vesi ya kwanza Marie anaimba chini, karibu anaongea, kinanda kiko peke yake kama kinamngoja. Korasi inakuja na kila kitu, drams zina mwangwi wa ukumbi mzima, ni kweli imezidi, ila sauti yake haizidi, yeye yuko palepale katikati anamwambia mtu kitu kimoja tu. Alafu solo ya gitaa, na pale solo inapokata wimbo unapanda funguo, korasi ya mwisho yote inahamia juu, na Marie badala ya kuvutwa na muziki ndo anaonekana yeye kauvuta. Nimesikia waimbaji wengi wakipandishiwa funguo mwishoni na unasikia kabisa wanapambana. Yeye hapambani. Hapo ndo niliporudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena, mpaka majirani wakajua, maana hedifoni zenyewe zinavuja.

Na ndo sababu nabishana kidogo na jina la albamu. Linasema usituchoshe, twende kwenye korasi, msemo unaohusishwa na Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, na ni kweli hawa jamaa korasi wanazijua, hawakuachi ungoje muda mrefu. Ila utamu wao mimi nauona kwenye njia ya kufika huko. Sikiliza Fading Like a Flower, ile piano ya mwanzo, jinsi wanavyokupa utulivu kidogo tu wa kutosha kabla gitaa halijaingia. Sikiliza Spending My Time, vesi nzima ni mtu yuko nyumbani siku haiendi, hakuna kinachotokea, na ni hiyo hali ya kutotokea kitu inayofanya korasi iume. Ukiruka kwenda kwenye korasi moja kwa moja umepata sukari bila chai.

It Must Have Been Love sina mengi ya kuongeza, imeshasemwa yote. Isipokuwa hili, kwamba ilikuwa wimbo wa Krismasi. Kweli. Waliitoa Uswidi 1987 kama wimbo wa Krismasi wa waliovunjika moyo, watu wa Pretty Woman walipoomba wimbo hawakuwa na muda wa kuandika mpya wakatoa huo wa kabatini, wakabadilisha ule mstari wa siku ya Krismasi ukawa wa siku ya baridi, basi. Juni 1990 namba moja. Kuna watu wanakaa studio miaka mitatu kutafuta wimbo kama huo.

Baada ya hapo albamu inashuka, tuseme ukweli. The Big L. inapita tu. Almost Unreal, ya kwenye filamu ya Super Mario Bros. ya 1993, mimi naiona kama Roxette wanaiga Roxette, kila kitu kipo mahali pake na hakuna kinachogusa. Sleeping in My Car inakuja kuokoa jahazi, hiyo ya 1994 ni gitaa tupu, haraka, Marie anaimba kama kakimbia kuja studio, na kwa mtu aliyewazoea kwenye zile za kulia inakuwa surprise nzuri sana. Crash! Boom! Bang! jina linakudanganya unategemea kelele, kumbe ni wimbo wa taratibu wa mtu aliyeumizwa mara nyingi mpaka kazoea. Vulnerable anaimba Gessle, na hapo kwa mara moja hana utani, inampendeza kuliko nilivyotegemea.

Manung'uniko sasa. Ya kwanza, kutoka albamu ya 1986 hakuna hata wimbo mmoja, yaani ukisikiliza huu mkusanyiko utadhani walizaliwa 1988 wakiwa wamekamilika. Ya pili ndo kubwa, Queen of Rain haipo! Ilitolewa singo 1992, ni moja ya sauti bora kabisa za Marie, na wameiacha nje huku Almost Unreal wameipa kiti. Church of Your Heart nayo haipo. Hili mashabiki wa zamani wamelilalamikia na mimi mgeni nasimama nao. Pia kama unaitafuta angalia umepata toleo gani, maana la Marekani lilichelewa mpaka 2000 na orodha ya nyimbo wakaibadilisha, usije ukanunua moja ukitegemea nyingine. CD ya 1995 ina kijitabu ambacho Gessle anaelezea nyimbo kwa maneno yake mwenyewe, na hicho peke yake kinafanya CD iwe na faida kuliko kuzisikiliza tu kwenye simu, jamaa ana ucheshi na hajisifii.

Kitu kingine, mkusanyiko unaishia 1995 na wao hawakuishia hapo. Marie aligundulika na uvimbe kwenye ubongo 2002, watu wakajua basi tena, lakini 2009 akarudi jukwaani na Gessle, wakatoa albamu nyingine, wakazunguka dunia mpaka 2016 madaktari waliposema inatosha, miaka ya mwisho huko akiimba amekaa kwenye kiti. Alifariki Desemba 2019. Ukishajua hayo, video za zile shoo za mwishoni zinakuwa ngumu kidogo kuangalia, sauti haiko kama ya 1989 na yeye anaimba tu, na ukumbi mzima unamalizia pale anapoachia.

Kwa anayeanza, mimi naupa nne kati ya tano, ile moja imeliwa na mpangilio wa mwanzo na Queen of Rain. Ukishamaliza usikimbilie Look Sharp! kwa sababu hiti zake nne kubwa umeshazisikia humu. Nenda Joyride ya 1991, hiyo inasikilizika yote hata zile ambazo hazikuwa singo, alafu Tourism ya 1992, ambayo nyingine walirekodi laivu na nyingine kwenye vyumba vya hoteli wakiwa safarini, ina Queen of Rain na ina It Must Have Been Love nyingine yenye gitaa za kikantri, na kuna siku naipenda hiyo kuliko ya kwenye filamu, ila msiwaambie watu.