Kanda ya Baba: uzoefu wangu wa kuhamishiwa kaseti Malindi

Kama una kaseti za zamani kabatini na unafikiria kumpa fundi azitie kwenye flashi, nisikilize kwanza. Mimi nimepeleka tatu kwa fundi mmoja wa Malindi, shilingi 600 kila moja. Nimeridhika na kazi yake, lakini ilibidi arudie, na kosa lilikuwa la sisi wawili.

Kaseti niliyoihofia kuliko zote ni ya dakika 60, imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino wa buluu. Ni mchezo wa kuimba uitwao My Fair Lady, rekodi ya waigizaji wa kwanza kabisa wa New York, ya mwaka 1956, ambayo mtu aliinakili kutoka kwenye santuri. Baba alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Shela, kwetu Lamu. Wenye nyumba walipofunga mizigo kurudi kwao mwaka 1987 walimwachia redio ya kaseti na kijisanduku cha kanda tano, zote michezo ya kuimba. Nilikuwa na miaka minane. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na kuhesabu hadi mia.

Watu huniuliza mtoto wa mtaa wa Langoni aliyapendaje mambo yale. Mimi sioni ajabu. Lamu hadithi kuimbwa ni jambo tulilozaliwa nalo. Bi yangu, yaani nyanya yangu, alikuwa akishona kofia alasiri huku akisoma tenzi kwa mahadhi, na ule utendi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858 aliujua kwa moyo. Harusini nilikuwa nikijipenyeza nyuma ya kina mama wa vugo, pembe za nyati zikigongwa, mmoja anatanguliza na wote wanapokea. Kwa hiyo redio ilipoanza kunieleza kwa nyimbo kisa cha msichana muuza maua wa London, na kundi zima likawa linampokea, sikio langu lilikuwa limeshafundwa. Siku moja Bi alisimama mlangoni akauliza, "Huyo yuwalia ni?" Baba akamwambia kuna profesa amemchukua msichana wa watu amfunze kusema kama mabibi wakubwa, naye amechoka kukosolewa. Bi akavuta mkeka, akaketi. Tangu siku hiyo akawa anasikiliza nasi. Rex Harrison, anayecheza profesa, hakuwa mwimbaji. Maneno yake anayasema juu ya muziki, nusu anaimba nusu anazungumza. Bi alimpenda yeye kuliko wote. Alisema huyo yuwasoma utendi.

Nami nilikuwa na sababu yangu. Nyumbani tulisema mayi, moya, ndia, mato. Shuleni mwalimu alitaka maji, moja, njia, macho, na aliyeteleza alisimama mbele ya wenzake mpaka aseme sawa. Nikafika pahali pa kuona haya kumwita rafiki yangu "ndoo!", yaani njoo, wageni wakiwapo. Sasa kwenye kanda kuna pale muuza maua, baada ya kushindwa mara nyingi, anapoitamka vizuri ile sentensi ya mazoezi, ya mvua ya Hispania. Anaanza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Profesa anamuuliza tena, anajibu tena, muziki unajipenyeza chini ya sauti zao, kisha wote wanalipuka kuimba. Julie Andrews, anayecheza muuza maua, alikuwa na miaka 20 tu aliporekodi. Kipande hicho nilikirudisha nyuma mpaka kanda ikalegea, nikawa naikaza kwa kalamu ya pembe sita iliyoingia sawasawa kwenye tundu. Furaha ile ya kusema sawa nilikuwa naijua. Na nilikuwa najua pia kwamba jioni nikirudi nyumbani nikamwambia Bi "maji", angenitazama kidogo kabla ya kujibu.

Nataka nieleze pia kwa nini mpangilio wa nyimbo ni jambo kubwa, maana hapo ndipo huduma hii iliponiangusha mwanzo. Marekani rekodi ya mchezo mzima kwa sauti za waigizaji walewale wa jukwaani ilianza kupata nguvu na mchezo wa Oklahoma! mwaka 1943. Wanamuziki walikuwa wamegomea studio tangu Agosti 1942. Kampuni ya Decca ilipoafikiana nao Septemba 1943, ikawaingiza waigizaji studio, na Desemba ikatoa santuri sita ndani ya jalada moja. Zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja dakika chache tu, kwa hiyo msikilizaji aliinuka kila mara kugeuza. Mwaka 1948 Columbia ikaleta santuri ndefu, upande mmoja zaidi ya dakika 20, na hapo ndipo mtu akaweza kukaa kitini akafuata kisa. My Fair Lady ilifunguliwa jukwaani tarehe 15 Machi 1956, na tarehe 25, Jumapili, waigizaji wakarekodi albamu nzima kwa siku hiyo moja katika studio iliyokuwa zamani kanisa. Mimi ambaye sijawahi kuuona mchezo huo ukichezwa, jukwaa langu ni mfuatano ule. Wimbo ukihama mahali pake, msichana anakuwa bibi mkubwa kabla hajafunzwa.

Haya, kazi yenyewe. Nilivuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi kupitia Witu na Garsen, nikafika Malindi na kanda zangu ndani ya mfuko wa plastiki nimezikumbatia. Zaidi ya miaka thelathini ya hewa ya chumvi si mchezo. Ukingoni mwa kanda kulikuwa na ukungu mweupe, na kile kisponji kinachoisukuma kanda igusane na kichwa cha redio, kile kinachosoma sauti, kilikuwa kimebanduka. Fundi mwingine angeitia hivyohivyo na ingetafunwa. Huyu alifungua skrubu za kaseti, akaitoa kanda, akaifuta ukungu kwa pamba kidogo kidogo, akaihamishia kwenye ganda jipya. Akasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti. Akaizungusha kanda mbele na nyuma kabla ya kuicheza, ilegeze viungo.

Kisha akafanya jambo ambalo kwa hilo peke yake ningemlipa tena. Aliniambia, "Dada, sikiliza hapa." Sauti ilikuwa imefunikwa, kama watu wanaimba chumba cha pili na mlango umefungwa. Akachukua bisibisi ndogo, akagusa kiskrubu kilicho ubavuni mwa kichwa cha mashine, akageuza pole sana. Mlango ukafunguka. Herufi za mwisho wa maneno zikarudi, fidla zikarudi, na ile pumzi anayovuta Julie Andrews kabla ya kupanda juu, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa, ikarudi. Alinieleza kwamba kila mashine hurekodi kichwa chake kikiwa kimeelekea upande wake, na ukiicheza kanda kwa kichwa kilichoelekea kwingine sauti nyembamba zinapotea. Sikujizuia, nikalia palepale dukani.

Nikamwachia, maana kanda huhamishwa kwa muda wake wa kawaida, saa nzima ni saa nzima. Baada ya wiki flashi ikaja kwa basi.

Nyumbani nikaichomeka. Kwanza, upande wa pili ulikuwa umetangulia, na nyimbo zimekatwa moja moja bila majina. Pili, alikuwa ametumia programu ya kutanua sauti ili itoke kulia na kushoto. Rekodi ile ya 1956 ni ya mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kulia na kushoto. Ukiitanua hivyo, mwimbaji anaelea, hujui amesimama wapi. Hayo mawili ningevumilia. La tatu sikuliweza. Nilikwenda moja kwa moja mwisho wa upande wa pili, baada ya wimbo wa mwisho, nikakuta kimya. Santuri ile haikujaza dakika 30 kila upande, na mwishoni zilibaki kama dakika tatu. Siku moja ya mwaka 1988 Baba alitaka kujua kama redio inarekodi, akabonyeza kitufe. Dakika hizo tatu ndiyo sauti ya pekee ya Bi iliyopo duniani.

Nikampigia. Akasema kwa upole kabisa, "Dada, pale mwisho hapakuwa na muziki. Ni watu wanaongea na makelele ya vyombo, nikakusafishia."

Nikamwambia, "Fundi, hao watu ndio niliokulipia."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Nisamehe. Kanda bado ninayo. Sitakugusia kitu tena." Na kweli, kosa langu ni kwamba sikumwambia. Nilimpa kanda kama mtu anayempa fundi viatu, nikidhani ataona mwenyewe chenye thamani. Angejuaje? Alirudia zote tatu bila kuomba hata shilingi, na safari hii akaniletea kila upande faili moja nzima, mono, kuanzia mshindo wa kitufe hadi mshindo wa kitufe.

Kwa wanaouliza kwa nini nisisikilize tu mtandaoni: albamu hiyo ipo mtandaoni, safi kuliko yangu, na huisikiliza pia. Lakini yangu ina pahali inapochechemea kwenye wimbo wa nne kwa sababu Baba aliikanyaga kaseti, na nikisikia nakala isiyochechemea mwili wangu unangoja.

Mambo ya kiufundi kwa ufupi. Omba WAV, faili la sauti isiyobanwa, si MP3 peke yake. WAV hula hadi kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo kaseti ya saa moja ni hadi kama MB 600, na flashi ya kawaida inabeba nyingi. MP3 mwombe ya pili, ya kuweka kwenye simu. Mwambie asiondoe mvumo wa kanda kwa programu, kwa sababu mvumo ukiondolewa kwa pupa huondoka na pumzi za waimbaji. Nyimbo unaweza kuzikata mwenyewe baadaye. Kilichokatwa na kufutwa hukiwezi. Na usimruhusu mtu kuitupa kanda yenyewe baada ya kuhamishwa.

Hizo dakika tatu nimezisikiliza na mama yangu, ukumbini, tukiwa tumeweka simu kwenye kiti katikati yetu. Kunasikika kijiko kwenye kikombe. Baba anasema, "Nena, Bi, nena hapa." Bi anasema, "Nipeni mayi kwanza." Anakunywa, unamsikia anakunywa, halafu anasoma beti mbili za utendi kwa mahadhi yake, sauti imekwaruza kidogo mwanzoni kisha ikatulia. Adhana ya alasiri inaingia kwa mbali, naye ananyamaza. Hapo Baba anabonyeza kitufe. Mama aliniambia, "Rudisha," nikarudisha.

Zimebaki kaseti mbili. Kila moja nimeifunga kwa mpira pamoja na karatasi: upande mmoja faili moja, mono, usikate mwisho. Zinaondoka na basi la Jumanne.