Nilijaza flashi ya vampaya Kondele: uzoefu wangu

Duka lenyewe ni kibanda cha mabati hapa Kondele, Kisumu: kompyuta moja, na feni moja inayompuliza mwenye duka peke yake. Muvi ni shilingi 20. Nilichukua kumi, zote za vampaya, karibu zote zimetafsiriwa na madijei. Moja tu kijana alinionya, Nosferatu ya 1922. "Hiyo haina dijei, haina rangi, haina hata sauti. Utasinzia." Nikamwambia weka tu.

Malalamiko kwanza. Mbili zilikatika kabla ya mwisho, na kwenye nyingine dijei anapiga kelele hadi mayowe ya anayeumwa shingo huyasikii. Nilirudi kesho yake, nikabadilishiwa bila maneno.

Ila hiyo ya kimya! Nyanya alikuwa amekuja kliniki kutoka Yala, tukaitazama naye. Alipotokea Orlok, vampaya mwenyewe, kipara, masikio yamechongoka, kucha kama miiba, Nyanya aliweka kikombe chini. "Huyo ni kachinja." Kuanzia hapo yeye ndiye akawa dijei. Alisema enzi za mkoloni watu waliamini wazimamoto, ndio hao kachinja, hukamata watu usiku na kuwanyonya damu, na wao wasichana, gari jekundu likipita, walijitupa ndani ya mahindi. Orlok alipoyeyuka kwa miale ya asubuhi, Nyanya hakuridhika. "Wetu hawakuogopa jua."

Hapo yuko karibu na Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, kuliko anavyojua. Katika riwaya yake ya 1897, Dracula hutembea mchana, nguvu zimepungua tu. Jua kumuua vampaya kulianza na filamu hii, na muvi nyingi kwenye flashi yangu zimeiga hapo.

Tena filamu hii ilitengenezwa kutokana na riwaya hiyo bila ruhusa. Mjane wa Stoker alishtaki, mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe, zikaponea chache. Nilipomsimulia kijana wa duka alicheka hadi akazima feni. "Kumbe sisi wa kukopi ndio tunaokoa sinema!" Sikumjibu, maana nilikuwa na flashi mkononi.

Duka nalipa nyota nne. Ya tano imeliwa na zile mbili zilizokatika. Nyanya atarudi kliniki mwezi ujao, na ameshaagiza nimtafutie nyingine. Isiyo na dijei.