Nguo za watoto na matembezi ya wikiendi hapa Dar: nimezipanga kuanzia panapookoa hela mpaka panapokula hela

Nina watoto watatu, mmoja ana miaka kumi na moja, wa kati saba, wa mwisho mitatu, na wote wanarefuka kama mchicha wa masika, suruali iliyokuwa inaburuza Januari ikifika Juni vifundo viko nje. Kwa hiyo nimeshanunua nguo karibu kila kona ya mji huu na nimeshapigwa karibu kila kona pia. Hii orodha ni yangu mimi ninayeishi Tabata, wewe wa Bunju au Chanika geuza geuza kidogo kwa sababu ya nauli.

Na nauli ndiyo naanzia. Watu wengi wanaangalia bei anayotaja muuzaji basi, wakati ile ni nusu tu ya habari. Juzi juzi nilinunua sketi Kariakoo ya 2,000, nikajiona mjanja kweli, kufika nyumbani kiuno kinapwaya, fundi kaniambia 2,000 kupunguza, daladala kwenda na kurudi 1,200, tayari iko 5,200, na pale kwa jirani yetu mwenye meza kulikuwa na sketi ya 4,000 iliyomkaa mtoto barabara ila niliipita nikasema huyu mama ana bei. Tangu siku ile napiga hesabu ya nauli, fundi na soda kabla sijasema kitu ni rahisi.

Kitu cha pili kabla hujatoka ndani, pima watoto. Mtoto usimbebe kwenda sokoni, atalia, atataka juisi, na muuzaji akimuona anajua umekwama. Mimi natumia uzi, kila mtoto na uzi wake, fundo la kwanza kiuno, la pili urefu wa mguu, la tatu mabega. Halafu kila baada ya miezi kama mitatu nawasimamisha mlangoni naweka alama ya penseli, nachukua urefu kwa sentimita. Urefu wa kazi gani? Kwa sababu nguo nyingi za mtumba kutoka Ulaya na Korea, lebo yake ikisema 110 au 116 siyo namba ya ajabu ajabu, ni urefu wa mtoto kwa sentimita! Nilikaa miaka sijui. Zile za Marekani zinaandikwa 3T, 4T, hiyo T ni za watoto wadogo, na namba inakaribia umri, ila watoto wa kule wana miili, ukiona 4T usishangae ikimkaa wa miaka mitano. Viatu nakata boksi la kufuata unyayo, naongeza upana wa kidole kimoja mbele.

Haya sasa.

NAMBA MOJA kwangu ni meza ya mtumba ya mtaani kwako, tena siku ya tatu. Siyo siku ya kwanza. Ngoja nieleze maana hapa ndipo penye siri yote.

Yule mama au kaka anayeuza pale kanunua belo, belo la watoto lina kilo 45 au zaidi, na limefungwa, hajui ndani kuna nini. Siku ya kukata belo anakata ile mikanda ya plastiki kwa wembe, mzigo unafura kama unga uliowekwa hamira, na wanawake wameshazunguka wanasubiri. Hapo muuzaji anatafuta mtaji wake urudi haraka, kwa hiyo vile vipande vikali, vigauni ambavyo vina lebo bado, jinzi nzito, anavitoa 5,000, 6,000 na hashuki, usipoteze mate. Kesho yake mtaji umeshaanza kurudi, bei inakaa 3,000. Siku ya tatu ya nne zinamwagwa kwenye turubai, buku mbili, buku (elfu moja), anapiga kelele mwenyewe chagua chagua. Mwisho kabisa jero jero, yaani mia tano, ila hapo unachambua matambara kwa nusu saa upate fulana moja.

Sasa mtoto wa kuchezea udongo anahitaji ya siku ya kwanza ya nini? Nguo za kushindia nachukua siku ya tatu. Gauni la kanisani au la Idi, hapo ndiyo naenda asubuhi ya belo na nalipa 5,000 yangu bila kinyongo. Muhimu ni kumzoea muuzaji. Mimi wa kwangu ana namba yangu, ananipigia, "Mama, kesho nakata belo la watoto, la Korea, uje mapema," na kwa sababu nilimwambia wa kwangu wa kike anavaa 120, wakati mwingine ananifichia. Hilo huwezi kulipata kwa kuhama hama soko.

Vya kuangalia: kwapani, magotini, zipu (ipandishe na kuishusha mara tatu, siyo moja), mpira wa kiuno uvute, ukisikia unalia kama mchanga umekufa huo. Nyoosha nguo juani uone matundu. Geuza pindo la suruali, kama limekunjwa mara mbili ndani una sentimita kadhaa za kuachia mwakani, na suruali ya hivyo nailipia buku zaidi. Doa la njano la shingoni halitoki, usidanganywe na mtu anayekwambia jiki. Na nguo za ndani na soksi za mtumba achana nazo, TBS, wale wa Shirika la Viwango, wamezipiga marufuku kitambo ingawa mitaani utaziona, hizo nunua mpya za dazeni.

NAMBA MBILI, Karume pale Ilala, soko la Mchikichini. Liliungua Januari 2022 na watu walilia sana, lakini Karume ni Karume. Faida yake ni kwamba wachuuzi wa mitaani wengi wanachukulia huko, kwa hiyo ukienda alfajiri, nasema saa kumi na mbili, unachagua nao bega kwa bega kwa bei yao. Hasara yake hiyo hiyo, ni alfajiri, ni kusukumana, simu iweke mbele na hela igawe mifuko miwili. Ukienda saa tano unakuta kilichobaki kwa bei ya mtaani, sasa nauli umetupa ya nini. Mimi naenda mara mbili kwa mwaka, naenda na orodha na zile nyuzi zangu, nanunua vipande kama kumi na tano kwa mpigo. Kwa nguo tatu usiende. Wa Temeke mna Tandika, wa upande wa pili mna Manzese, hesabu ni ile ile.

Kuhusu viatu vya mtumba niseme hapa hapa maana watu wanaumia. Kiatu cha ngozi cha mtumba kwangu ni bora kuliko kipya cha plastiki kinachopasuka Machi, lakini kuna viatu vimekaa stoo miaka, juu vinang'aa, soli imeshakufa ndani. Unavaa wiki moja soli inapukutika kama biskuti. Kikunje katikati, bonyeza soli kwa kucha, ikimeguka au ikinata rudisha. Wa kati alirudi kutoka shule siku ya nne na kiatu kimoja mkononi, kaka yake anamcheka njia nzima, na nilikuwa nimelipa 12,000.

NAMBA TATU, Kariakoo, ila kwa kuchanga. Kariakoo ya kwenda peke yako kununua fulana moja ni kutalii. Bei ya maana iko kwenye jumla, maduka mengi ukichukua pisi tatu, sita au dazeni bei inabadilika kabisa, sasa sisi akina mama sita wa mtaa tunaorodhesha, soksi, chupi, singlendi, sweta za shule, mmoja wetu anaenda na hela ya wote, nauli tunamchangia. Mambo ya mpya mpya hivi ndiyo yanapatikana kwa bei ya haki.

Shida ya kule ni mawinga. Winga ni yule kijana anakudaka pale Mtaa wa Kongo, "dada'angu unatafuta nini, njoo nikupeleke stoo", anakupeleka kweli, lakini duka linampa bei yake na yeye anaweka cha juu. Siwalaumu, wanatafuta, na kama unatafuta kitu kigumu winga anakuokolea masaa mawili. Ila kwa soksi? Mwambie asante kaka, ingia mwenyewe, uliza maduka matatu bila kushika mzigo. Ukishika tu na macho yakawaka umeshapoteza.

Sare za shule: Novemba. Shule zinafunguliwa Januari na wiki ile ya kwanza Kariakoo hapashikiki, sweta niliyoiona 12,000 mwezi wa kumi na moja nimeikuta 17,000 Januari, sweta ile ile. Mimi hela yangu ya mchezo, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, naomba zamu ya Novemba, wenzangu wanajua. Idi vile vile, nunua kabla Ramadhani haijaanza, kumi la mwisho bei zinapanda na watu wanagombania vigauni kama vinagawiwa bure.

NAMBA NNE, fundi. Fundi wa kushona kuanzia kitambaa siku hizi ghali, kitambaa, uzi, zipu na ufundi, gauni la mtoto linafika 15,000 hivi hivi. Nampandisha juu ya maduka kwa sababu ya kazi nyingine: suruali ya kaka inakuwa kaptura ya mdogo, gauni la mama linatoa vigauni viwili. Mpelekee vitu vitano kwa pamoja muelewane bei moja, na usipeleke Desemba, utaipata nguo sikukuu imepita.

NAMBA TANO, za kuagiza mtandaoni. Picha nzuri, bei "njoo inboksi", jamani kwa nini bei iwe siri? Niliagiza gauni la sikukuu, muuzaji simtaji, nikalipa yote kabla, bodaboda 5,000, likaja la saizi ya mdoli na kitambaa kama neti. Kumwambia nibadilishie, kimya, mara nimeblokiwa. Sasa kama ni lazima nalipa mzigo ukifika mkononi, na nauliza upana wa kifua kwa sentimita, asiyejua kupima sinunui kwake.

YA MWISHO maduka ya mall. Kuna kipindi wanapunguza, sawa, lakini umeingia na watoto, kuna kiyoyozi, kuna ngazi za umeme, kuna chips kuku. Nguo 25,000, chips 30,000.

Hapo tumeshaingia kwenye matembezi, maana watoto wakishavaa wanataka pa kwenda. Kwenye matembezi kiingilio mara nyingi siyo tatizo, tatizo ni tumbo. Ukibeba chapati, mayai ya kuchemsha na dumu la maji umeshapunguza nusu.

Ya kwanza kwangu ni pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni, 200 kwa mtu, na kwa mtoto wa miaka mitatu ile ni meli ya safari kabisa, wa kwangu alikuwa anawapungia mkono watu wa ng'ambo mpaka tukafika. Kule ufuo upo, ila baadhi ya fukwe zina wenyewe na zina kiingilio, uliza kabla hujateremka kwenye bajaji. Epuka Jumapili jioni kurudi, foleni utaijutia.

Ya pili Coco Beach, bure. Muhogo wa kukaanga na pilipili ndiyo matumizi yenyewe. Angalia maji, nenda yakiwa yamekupwa, kwenye yale mawe vinabaki vidimbwi, watoto wanatafuta kaa, yakijaa mawimbi pale siyo ya mchezo, wa kwangu nawaruhusu mpaka magotini tu.

Ya tatu Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kuna nyumba za asili za makabila tofauti zimejengwa kama zilivyo vijijini, unaingia ndani kabisa. Kwa Mtanzania kiingilio ni kidogo. Wa kumi na moja aliona nyumba ya kwetu akauliza ng'ombe walikuwa wanalala wapi, nikamwonyesha, akasema basi bora Tabata.

Maonyesho ya biashara ya Sabasaba mazuri, ila usiende tarehe 7 Julai yenyewe, siku za katikati ya wiki unatembea vizuri. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vizuri mno lakini boti, kiingilio na samaki vikijumlishwa kwa watu watano, hiyo ni ya mara moja kwa mwaka.

Na kuna SGR, treni ya umeme, kwenda Morogoro. Ilivyoanza Juni 2024 nauli ya treni ya kawaida ilikuwa 13,000, watoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili nusu, chini ya hapo bure. Kwetu sisi watu wazima wawili na hao wawili wa nusu ni 39,000 kwenda, 78,000 kwenda na kurudi. Siyo rahisi. Lakini ndiyo kitu pekee nilichokilipia mwaka ule ambacho wanakiongelea mpaka leo, tulikaa kule masaa manne, tukala ndizi tulizobeba nyumbani, tukanunua mboga za Uluguru kwa bei ambayo Dar huioni, tukarudi. Bando la mboga lilikaa mapajani kwa baba yao mpaka Stesheni, amevaa shati la siku ya tatu, buku mbili.