TAHADHARI: Anayeuza "picha za kuchora kwa mkono" za mandhari ya kale ni TAPELI

Ndugu zangu, nimelizwa. Naandika mikono inatetemeka kwa hasira, na aibu ninayo, lakini bora niaibike mimi kuliko na nyie muingie humo humo.

Mnajua nilivyoisaka ile picha ya bonde la Yosemite, Marekani, aliyoipiga Carleton Watkins, mpiga picha wa karne ya 19, kwa ajili ya ukuta wa Mzee, sirudii. Ile ya miamba ya Cathedral na mto Merced mbele yake. Nilitaka iliyochorwa kwa rangi ya mafuta, si ya printa, na huyu bwana alijinadi kwamba anazichora upya picha za kamera za kale kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Msiseme nilikurupuka. Nilimpima. Nikamuuliza: "Anga utalifanyaje? Kwa Watkins anga ni jeupe tupu." Akajibu hapo hapo, bila kubabaika: "Dada yangu, zile sahani za kioo alizopigia picha mwaka 1861, dawa yake ilikuwa inadaka mno mwanga wa buluu, ndiyo maana anga liliungua likawa jeupe. Nitaliacha jeupe, ila si jeupe la karatasi. Nitapiga mikono mitatu myepesi, wa chini una manjano kwa mbali."

Mtu anayejibu hivyo wewe ungemshuku? Tena mwenyewe, bila kuulizwa, akaniambia kamera ya Watkins ilitumia sahani za inchi 18 kwa 22, kwamba mizigo ilibebwa na baghala, kwamba kila kioo kilipakwa dawa na kusafishwa ndani ya hema la giza kabla dawa haijakauka. Akanikumbusha kuwa picha zile zilichangia Rais Lincoln wa Marekani kutia saini sheria ya kulilinda bonde lile mwaka 1864, na kwamba Watkins alipoteza studio yake kwenye tetemeko na moto wa San Francisco wa 1906. Yote ni kweli. Nilihakiki kimoja kimoja, na kila nilipokuta ni kweli nikazidi kumwamini. Hapo ndipo aliponimaliza.

Kisha akatuma video. Hii video imenikaa kichwani hadi leo. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha mbao chenye rangi, kidole gumba kina plasta nyeupe, mkono wa kulia unapitisha brashi pana angani, taratibu, kushoto kwenda kulia. Unasikia kabisa brashi inavyokwaruza kanvasi. Sekunde kama ishirini tu. Niliitazama mara sita, nikamwonyesha na mdogo wangu. "Leo namalizia anga, naomba nusu iliyobaki nianze kufunga mzigo." Nikatuma. Sikungoja hata dakika tano.

Mzigo ukafika siku ya nne. Tukaufungua sebuleni, Mzee kakaa pale pale kwenye kiti chake. Kwa mbali ilikuwa nzuri, sikatai. Mzee akanyoosha mkono, akapitisha kidole juu ya maji, akasema polepole: "Mwanangu, mbona mto una mikwaruzo?"

Nikasogea. Watkins alifungua lenzi kwa muda mrefu, kwa hiyo maji yake yametulia kama kioo. Huku juu ya maji kulikuwa na michirizi minene ya brashi, na michirizi hiyo hiyo, kwa mwelekeo ule ule, ikaendelea hadi kwenye mwamba, ikapanda kwenye miti, ikatokea angani. Haikufuata umbo la kitu chochote. Ni jeli! Jeli isiyo na rangi iliyopakwa juu ya picha ya printa. Nikachukua lenzi ya kukuzia: nukta, nukta, nukta. Na kona ya juu, kwenye anga lile la "mikono mitatu", kuna doa la pale dawa haikuenea kwenye kioo cha zamani, limetoka kama lilivyo. Alichora anga, halafu akachora na doa? Mzee hakusema neno tena. Aliinuka akaenda kulala, saa mbili usiku.

Nilipompigia alikata. Nilipoandika alisema "kila msanii ana mtindo wake", kisha akanifungia. Mtindo! Huyu ni wa kufikishwa mahakamani, arudishe kila senti, na asiruhusiwe kumuuzia mtu hata kalenda. Ametumia historia ya watu waliobeba vioo milimani kuwaibia wanaoipenda historia hiyo. Hilo mimi simsamehe.

Mnaponunua, angalieni. Mwambie akupigie simu ya video akiwa anachora, akugeuzie na mgongo wa kanvasi. Wangu alisema mtandao wake mbovu, nikakubali. Rangi ya mafuta ikipakwa nene hukaa wiki, hata miezi, haijakauka sawasawa, na hunuka. Yangu ilifika kavu kabisa, haina harufu yoyote. Na video ikionyesha mkono tu, bila picha nzima, shtuka. Mengine nikitulia nitayaandika, kwa sasa siwezi.

Ila hili lazima mlijue leo. Jana rafiki yangu amenionyesha video aliyotumiwa yeye, ameagiza Mlima wa Holy Cross, ile picha ya mpiga picha William Henry Jackson ya 1873, yenye msalaba wa theluji. Kidole gumba kile kile, plasta ile ile, brashi kushoto kwenda kulia. Naye alikuwa ameshatuma nusu.

Kama na wewe unayo video hiyo, usiifute. Nitumie pamoja na tarehe uliyoipokea na risiti za malipo. Kesho asubuhi mimi na rafiki yangu tunakwenda polisi, na picha ya Mzee tunaibeba kama ilivyo.