TAHADHARI: Muuza "darubini orijino za bunduki" Mbeya na Iringa anauza vifaa vya kuchezea, na anakusanya leseni za watu

Kamwene ndugu zangu wa Iringa, Mufindi na Njombe, na salamu kwa wa Mbeya na Chunya. Ujumbe huu unawahusu wenye leseni za silaha, hasa wanaolinda mashamba na wanaowinda kwa vibali. Kama haukuhusu, msambazie unayemjua.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima. Leo duka lake liko Mwanjelwa, kesho liko Makambako, na ukimwambia unapita kuona mzigo, duka linakuwa kwenye ukarabati. Anauza darubini za kulengea, vilengeo vya nukta nyekundu, na zile kava za mbele zenye reli za kupachikia vifaa, pale unaposhika kwa mkono wa kushoto. Hela kwanza, mzigo unakuja na basi la usiku.

Shemeji yangu ana raifo ya .22 nusu otomatiki, leseni anayo, nguruwe pori na nyani wanamjua. Alilipa laki nne na nusu akaletewa kilengeo chenye jina la kampuni ya EOTech ubavuni pamoja na kava ya mbele. Akanipigia niende nikamfungie.

Hicho kilengeo nilikijua kabla sijakitoa kwenye boksi vizuri. Kina kitufe cha kubadilisha rangi, ukibonyeza nukta inakuwa nyekundu, ukibonyeza tena inakuwa kijani. EOTech halisi ya aina hii huja na rangi moja tu, ama nyekundu ama kijani, haibadilishi. Halisi huchora ile duara na nukta yake kwa mwanga wa leza. Hiki kilikuwa na kataa ka LED kanakopiga kwenye kioo, na kioo chenyewe ukikitazama kwa mbele kinang'aa wekundu kama miwani ya mnadani. Nikakwaruza sehemu ya kufungia kwa msumari: rangi ikabanduka, chini yake chuma laini cheupe. Skrubu ya kukazia ilianza kuzunguka bure kabla haijabana.

Vifaa vya namna hii hutengenezwa kwa ajili ya bunduki za mchezo, zile zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6. Kwenye mchezo havina shida. Tatizo ni mtu kukuuzia kwa bei ya kitu halisi ukaenda kukifunga juu ya bunduki ya risasi za moto. Kwenye .22 kinaweza kuvumilia kidogo kwa kuwa teke lake ni dogo. Kwenye bunduki kubwa za kuwindia kama .30-06 au .375 kitalegea na shabaha itahama bila wewe kujua, na risasi iliyohama inaenda kutua usikokusudia, pengine shambani kwa jirani.

Jirani wa shemeji naye kauziwa darubini iliyoandikwa 3-9x40. Maana yake ikuze kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele iwe na kipenyo cha milimita 40. Tukachukua rula ya mtoto wa shule: milimita 32. Na asubuhi za ukungu za Mufindi mnazijua wenyewe. Darubini nzuri hujazwa gesi kama naitrojeni na kuzibwa, kwa hiyo haishiki ukungu kwa ndani. Ile ilikuwa nyeupe ndani kama imejaa maziwa mpaka saa nne. Ukitaka kupima unayouziwa, na muuzaji anasema haiingii maji, izamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Vipovu vikitoka kwenye vile vifundo vya kurekebishia, mrudishie hapohapo. Vifundo vyenyewe viwe na mlio wa kueleweka kila hatua. Nyingi zimeandikwa robo MOA (kipimo cha pembe) kwa hatua, yaani kama milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Hizi zake zinazunguka kama kizibo cha chupa.

Kuhusu kava, anasema "inaingia bunduki zote". Huo ni uongo wa mchana kweupe. Kava hutengenezwa kwa modeli maalumu ya bunduki. Hata vifaa vya kupachika juu yake vina mifumo yake: M-LOK haishiki kwenye KeyMod, na mifereji ya reli ya Picatinny ni mipana kuliko ya Weaver, kwa hiyo kishikio cha Picatinny mara nyingi hakiingii Weaver. Na hata ukipata inayokaa sawa, usifunge kilengeo chako juu ya kava. Kava hupinda kidogo unapoibana au kuiegemeza, na shabaha inakwenda nayo. Kilengeo kinakaa juu ya mwili wa bunduki.

Haya yote ni hela, hela hutafutwa. Kilichonifanya niandike ni kingine. Kabla ya kutuma mzigo alimwomba shemeji picha ya leseni pande zote mbili, namba ya bunduki, na "location" ya nyumbani, eti amchagulie kinachoendana. Kumchagulia mtu kilengeo unahitaji aina na modeli ya bunduki tu. Leseni ina jina lako, unapoishi na silaha uliyonayo. Sasa huyu mtu ana orodha ya nyumba zenye bunduki kuanzia Mafinga hadi Mbeya, na bunduki ikiibwa, wa kwanza kuitwa kujieleza ni wewe mwenye leseni.

Kama umeshamtumia picha, nenda ofisi ya OCD (mkuu wa polisi) wa wilaya yako ukatoe taarifa, na badilisha mahali unapohifadhi silaha. Kama umetuma hela na muamala ni wa leo, piga 100 huduma kwa wateja haraka kabla hajatoa. Meseji zake zitumeni TCRA kwenye namba 15040. Akikwambia ukamtumie kwa namba nyingine kwa kuwa "hii ina shida", ujue ile ya kwanza imeshafungiwa.

Shemeji ameshachukua RB (namba ya taarifa) polisi. Namba ya jamaa siiweki hapa maana anabadilisha laini kila mara na ya jana leo inaweza kuwa ya mtu asiyehusika. Kama nawe umeuziwa, tunza boksi, meseji ya muamala na tiketi ya kifurushi ya basi, uende navyo kituoni kwako.