IMDb kwa mfuatiliaji wa waigizaji wa kike: kazi zimo, maisha hayamo

Kwa mtu anayetaka kujua mwigizaji fulani wa kike alianza lini, alicheza nafasi zipi na aliacha lini, sijaona huduma ya bure inayoifikia IMDb, hifadhidata ya mtandaoni ya filamu na wanaozitengeneza. Mbegu yake ilikuwa orodha ya waigizaji wa kike wenye macho mazuri, ambayo Mwingereza Col Needham aliisambaza mwaka 1990 kwa wapenzi wenzake wa filamu. Mwaka 1998 huduma ikanunuliwa na Amazon. Tangu mwanzo, basi, nguvu yake imekuwa ni orodha, na udhaifu wake pia unatoka hapo hapo.

Nguvu hiyo inaonekana wazi katika ukurasa wa Hattie McDaniel. Msomaji anayeupitia toka juu hadi chini hukutana na nafasi ya mjakazi, kisha mjakazi tena, na mara nyingi anaelezwa kwamba jina la mwigizaji halikutajwa kwenye filamu yenyewe. Safu hiyo kavu inaeleza ubaguzi wa Hollywood kuliko insha nyingi nilizosoma. Hata hivyo, usiku wa mwaka 1940 alipokuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa Oscar, aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa filamu iliyompatia tuzo hiyo. Tuzo imo katika orodha, meza haimo.

Mapengo ndiyo yanayohitaji msomaji makini zaidi. Katika kazi za Olivia de Havilland kuna pengo kati ya filamu za 1943 na zile za 1946, na asiyejua historia anaweza kudhani kwamba mwigizaji huyo alipumzika au alichujuka. Ukweli ni kwamba alikuwa mahakamani. Studio ya Warner Bros. ilitaka kuurefusha mkataba wake wa miaka saba kwa kufidia vipindi ambavyo ilimsimamisha kwa kukataa nafasi alizopangiwa. Alishtaki, na Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California ikampa haki. Uamuzi huo uliwafungua waigizaji wengi waliokuja baada yake, naye alirudi na filamu ya 1946 iliyompatia Oscar yake ya kwanza. Jambo zito kuliko yote katika maisha yake ya kazi linaonekana hapa kama nafasi tupu kati ya mistari miwili.

Kwa Anna May Wong hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna safu ya nafasi ambazo mtu alinyimwa. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya China na nyota aliyekwisha kujulikana, lakini nafasi kuu ya mwanamke Mchina katika filamu ya The Good Earth ya 1937 alipewa Luise Rainer, mzungu, ambaye alishinda Oscar kwa nafasi hiyo. Sehemu ya dondoo ya IMDb, yaani vijihabari vidogo kuhusu mwigizaji, huchangiwa na watumiaji, na mambo mazito kama haya huweza kuchanganyika humo na habari za urefu na wanyama wa kufugwa.

Suala la umri nalo limezua mzozo wa kweli. Mwigizaji mmoja alikwenda mahakamani mwaka 2011 baada ya tarehe yake ya kuzaliwa kuchapishwa, akashindwa. Sheria ya California ya 2016 iliyokusudia kuwalinda wenzake ikabatilishwa na mahakama kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Baadaye huduma yenyewe iliwaruhusu wahusika kuchagua kuficha umri wao, na naona ilichelewa mno. Mwaka wa kuzaliwa wa marehemu ni historia. Wa mwanamke ambaye bado anatafuta kazi ni kisingizio cha kumkataa.

Toleo la kulipia, IMDbPro, limetengenezwa kwa ajili ya mawakala na wanaoajiri waigizaji, na msomaji wa kawaida hana haja nalo. Toleo la bure linamtosha, mradi awe na wasifu mzuri wa mwigizaji huyo mkononi, na kila anapokuta miaka mitatu mitupu aufungue.