Printa ya leza ya saiba hapa Malindi: uliza habari ya unyevu kabla ya bei

Tangu masika ianze mnaniandikia jambo lile lile: printa ni mpya, tona imejaa, lakini maandishi yanatoka yamefifia, kuna vidoa vyeupe katikati ya jina la mteja na karatasi inajikunja. Muuzaji naye anasema ileteni Mombasa. Jamani kabla hamjapakia mashine kwenye matatu nisikilizeni, manake nyingi ya hizo printa ni nzima kabisa, kilicholowa ni karatasi.

Leza inachapa kwa umeme tuli, ule unaosimamisha nywele ukizichana na kichana cha plastiki. Dramu, ile silinda ya kuchorea picha, inatiwa chaji, mwanga wa leza unachora herufi juu yake, unga wa tona unanata pale palipochorwa, halafu karatasi nayo inatiwa chaji iuvute ule unga, mwisho moto wa kama nyuzi 200 unauyeyusha ushike. Chester Carlson, mvumbuzi wa njia hii, alipofaulu mara ya kwanza huko Astoria, New York, 22 Oktoba 1938, alisugua kwa kitambaa cha pamba bati la zinki lililopakwa salfa, akanyunyiza unga, ukanata. Sasa karatasi iliyonyonya maji inapitisha umeme, chaji inavuja, unga unabaki kwenye dramu, na hapa pwani rimu ikilala wazi usiku wa mvua ishanyonya.

Kwa hivyo habari za kasi na waifai someni kwenye boksi, mimi hapa napanga printa kwa unyevu na gharama ya dramu.

Namba moja kwangu, na sifichi, ni Kyocera ECOSYS M2040dn. Dramu yake imekadiriwa kurasa 100,000, tona unabadilisha peke yake, karatasi zinakaa ndani ya kaseti iliyofunikwa badala ya kupigwa na upepo wa bahari, na kwenye menyu ya matengenezo kuna "Drum Refresh" inayoondoa ukungu na vile vidoa vyeupe. Asubuhi ya mvua anza na hiyo kabla wanafunzi hawajajaa mlangoni na asainimenti zao.

Brother naiweka ya pili. Dramu na tona ziko mbalimbali, safi, ila ule waya wa korona unaotia chaji hushika vumbi, usafishe kwa kusukuma kidude cha kijani huku na huku, na ukimaliza ukirudishe mahali pake pa mwanzo, ukisahau utapata mstari ukurasa mzima ulaumu tona bure.

HP ndogo za katriji ya 85A ni za nyumbani. Dramu imo ndani ya katriji, kurasa kama 1,600 unanunua tena, na treya ya P1102 iko wazi, yaani karatasi zinakunywa hewa ya bahari mchana kutwa.

Printa za mitumba za ng'ambo: itisha ripoti ya kaunta, ile inayoonyesha imeshachapa kurasa ngapi, hakuna ripoti usinunue.

Linaloniudhi hasa ni karatasi zenyewe. Duka linaweka rimu chini kwenye sakafu ya simiti, kifuniko kimechanika, linakuuzia bei ya rimu nzima, ukilalamika unaambiwa printa yako mbovu, na pengine ni muuzaji huyo huyo aliyekuuzia printa. Ikague rimu pande zote hapo hapo dukani, iliyochanika mrudishie muuzaji, na ukifika nayo saiba itie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, utoe zile za kutumia tu.